Chumba kwa Familia Ujerumani: Barua Zenu na Majibu

*Shikamooni. Oktoba naanza masomo Freiburg, na nimepata chumba kwa familia moja huko. Mama anataka nibebe samli na nyama kavu kama zawadi. Pia nimesikia kuna kujiandikisha serikalini nikifika. Ni lazima?*
*M., Tanga*

Marahaba. Mwambie mama samli na nyama kavu zibaki nyumbani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu, na samli ni maziwa. Utanyang'anywa uwanja wa ndege. Kikoi, majani ya chai, kahawa, iliki na mdalasini havina shida. Kumbuka na adapta, maana plagi yetu ya miguu mitatu haiingii kwenye soketi zao, ingawa umeme ni volti zilezile 230.

Kujiandikisha ni lazima, tena ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Kunaitwa *Anmeldung*. Utakwenda ofisi ya wakazi ya mji na pasipoti pamoja na karatasi inayoitwa *Wohnungsgeberbestätigung*, ambayo mwenyeji anasaini kuthibitisha kwamba umehamia kwake na tarehe uliyohamia. Mkataba wa chumba peke yake hautoshi, na hapo ndipo wengi hurudishwa. Iombe karatasi hiyo kabla hujasafiri, na miadi ya ofisi uichukue mapema mtandaoni kwa sababu miji mikubwa nafasi hujaa. Bila usajili huo, kibali cha ukaazi kitakwama.

Siku hiyohiyo ya kuhamia, bandika jina lako kwenye sanduku la barua la familia. Tarishi wa Ujerumani anafuata jina lililoandikwa pale. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka, na humo ndimo zinamokuja kadi ya benki, namba ya siri na namba yako ya kodi.

Baada ya usajili itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe, na usikimbilie kulipa. Ada hiyo ni moja kwa nyumba nzima, hata mkiwa watu 7. Waombe wenyeji namba yao ya mlipaji, ijaze kwenye jibu, mambo yameisha. Ukinyamaza, watakufungulia akaunti yako mwenyewe na deni litaanza kuhesabika.

*Habari za kazi. Niko Leipzig. Mama mwenyeji ni mtu mwema, lakini kila asubuhi anafungua madirisha yote na nje kuna barafu. Mimi nikiweka hita namba 5 anairudisha 3. Nikipika samaki ananuna, na juzi amelalamika kuhusu ugali wangu. Je, ananichoka?*
*Msomaji kutoka Kisumu*

Kwa hayo uliyoyaandika, hatuoni uchovu. Tunaona mtu anayeogopa ukungu ukutani na bili ya joto.

Nyumba zao zimezibwa sana ili joto lisitoke, kwa hiyo na mvuke hautoki. Kuoga, kupika, kuanika nguo ndani, hata pumzi za usiku, vyote vinaacha maji hewani. Maji hayo yanageuka matone kwenye kona baridi ya ukuta wa nje, kisha madoa meusi yanaota. Kama familia ni wapangaji, mwenye nyumba anaweza kuwadai fidia kwa kutopitisha hewa. Ndiyo maana dirisha linafunguliwa wazi kabisa, dakika 5 hivi, mara 2 au 3 kwa siku, ikiwezekana na la upande wa pili ili upepo upite. Hewa inabadilika ukuta ukiwa bado na joto. Kuliacha dirisha limeinamishwa kidogo kwa juu mchana kutwa ndilo kosa hasa: ukuta unaozunguka dirisha unapoa, na ukungu unaanzia hapohapo.

Funga koki ya hita kabla ya kufungua dirisha, la sivyo itahisi baridi na kuchoma moto wote kwenda nje. Na hizo namba si kasi. Namba 3 maana yake chumba kifike nyuzi 20 hivi, namba 5 ni karibu nyuzi 28. Chumba hakipati joto haraka zaidi ukiweka 5, kinapitiliza tu. Weka 3, vaa sweta na soksi nzito. Kitanda na kabati uviweke mbali na ukuta wa nje kama sentimita 10, na nguo mbichi usizitandaze juu ya hita.

Samaki: funga mlango wa jikoni, washa feni ya kuvuta moshi kabla mafuta hayajapata moto, funika kikaango, halafu ukimaliza fungua dirisha. Bora zaidi umwoke kwenye oveni, harufu inapungua sana. Kubalianeni siku, si kila jioni.

Ugali una kesi yake. Majiko mengi huko ni ya kioo. Ukisonga kwa nguvu zetu, sufuria inasuguasugua na kioo kinachubuka, na kubadilisha kioo hicho ni ghali. Ukishatia unga, hamishia sufuria kwenye ubao wa mbao, songa hapo huku umeshika mpini, kisha irudishe motoni dakika 2 au 3, moto mdogo, imefunikwa. Kwa watu wawili nusu lita ya maji inatosha, na unga kama gramu 250. Kama jiko ni la sumaku, sufuria yako ya alumini haitapata moto hata kidogo. Jaribu na sumaku ya friji: isipong'ang'ania kitakoni, hiyo sufuria haifai. Unga tafuta duka la Waafrika au Waasia. Pakiti ya *Polenta* ya supamaketi ni chenga za njano, na ugali wake unakwaruza kooni.

Halafu chunguza bafuni. Kama umesuka rasta, nywele zinazodondoka huziba bomba. Ziokote kila ukioga, na futa kioo cha bafu kwa ule mpira ulioning'inizwa pale, maana maji ya sehemu nyingi huko yana chokaa na huacha madoa meupe.

*Wenyeji wangu jioni wanaweka mkate, jibini na soseji. Mimi ni Mwislamu, naona haya kukataa.*
*Kutoka Unguja*

Sema mara moja, tena mapema, kabla hawajanunua. Kwa Mjerumani kukataa kwa maneno wazi si utovu wa adabu. Kinachomkera ni mgeni anayeacha chakula sahani nzima bila kusema. Kwenye pakiti tafuta maneno haya uyaepuke: *Schwein* (nguruwe), *Speck* (nyama ya mafuta ya nguruwe), *Schinken* (paja la nguruwe), *Schmalz* (mafuta ya nguruwe) na *Gelatine* (jelatini, mara nyingi ya nguruwe). Angalia sana *Kalbsleberwurst*: jina linataja ini la ndama, lakini mara nyingi ndani mna nguruwe. Jibini, mayai na samaki wa kopo vitakutosha hapo mezani, na nyama halali utaipata kwa bucha la Waturuki. Muulize mwenyeji kama unaweza kupewa rafu yako kwenye friji.

*Baba mwenyeji amekasirika kwa kuwa nimekunja chupa za plastiki na kuzitupa. Kwani si taka?*
*Mwanafunzi, Kassel*

Ni pesa. Chupa ya plastiki au kopo la kutumika mara moja lina amana ya senti 25, uliyolipa pale dukani. Za kurudishwa na kujazwa tena ni senti 8 au 15. Usiikunje wala kubandua lebo, kwa sababu unairudisha kwenye mashine ya dukani, nayo inasoma alama zilizo juu yake. Itakupa risiti, nayo uipeleke kaunta ya duka hilohilo. Za glasi zisizo na amana, kama za jemu, zinakwenda kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, lakini si Jumapili, kwa kelele.