Pia ya goti imevunjika baada ya upasuaji wa ligamenti

SWALI: Wiki kumi zilizopita nilitengenezewa ligamenti ya mbele ya goti (utepe unaounganisha mifupa ya goti) kwa kipande cha kano iliyo chini ya pia. Juzi nimeteleza kwenye ngazi, nikasikia "paa!" Eksirei inaonyesha pia imevunjika. Je, ligamenti mpya imekwenda na maji? Lazima nipasuliwe tena?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Kano hiyo haichukuliwi peke yake: hukatwa pamoja na kipande cha mfupa wa pia, upana wa kama milimita 10 na urefu wa 20 hadi 25. Panabaki mtaro. Miezi ya mwanzo mfupa haujaujaza, na ukiteleza misuli ya mbele ya paja hujikaza ghafla, ikaivuta pia hadi ipasuke palepale penye mtaro. Kwa hiyo pia inaweza kuvunjika na ligamenti ikabaki salama. Daktari ataipima kwa kuuvuta mfupa wa muundi mbele, pengine ukiwa umeshapewa ganzi kwa sababu ya maumivu.

Kinachoamua ni mambo mawili: ukilala chali, unaweza kuuinua mguu ukiwa umenyooka? Na vipande vimeachana kiasi gani? Ukiweza, na vipande havijaachana zaidi ya milimita 2 au 3, goti hufungwa likiwa limenyooka kwa wiki 4 hadi 6. Usipoweza, au vikiwa vimeachana zaidi, ni upasuaji. Skrubu mbili hupitishwa kandokando ya mtaro, si ndani yake, kisha waya huzungushwa mfano wa namba nane ili vipande vibanane.

Hata penye ufa mdogo, wapo madaktari wanaopendelea skrubu kwa goti kama lako, na hoja yao ina uzito. Goti lenye ligamenti changa likikaa kwenye plasta wiki sita hukakamaa, na kulikunja tena ni kazi kuliko kuunga mfupa. Mfupa ukikazwa vizuri kwa skrubu, mazoezi ya kukunja goti huanza mapema, hadi pembe anayopanga daktari.

Nenda na ripoti ya upasuaji wa kwanza, si eksirei tu. Skrubu zinazoshika ligamenti mpya, zikiwa za plastiki inayoyeyuka, hazionekani kwenye eksirei.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au vidole vikifa ganzi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.