Re: Nalipa SHA, mbona hospitali bado inaitisha deposit?

Boss umeuliza mbona payslip inakatwa pesa mob ya SHA, hii bima ya afya ya serikali ya Kenya, na bado cashier wa hospitali anaitisha deposit. Ni hivi, NHIF, ile bima ya serikali ya kabla ya SHA, ilikuwa na kikomo, hata ukilipwa laki mbili ulikatwa 1,700 kwa mwezi basi, saa hii tangu SHA ianze Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo kwa hivyo huyo wa laki mbili anakatwa 5,500. Mtu wa jua kali naye anafaa kulipa ya mwaka mzima mara moja, sasa mama mboga wa Githurai atatoa hiyo pesa wapi? Anangoja augue ndio akumbuke kulipa, na mfuko unabaki kubebwa na watu wa payslip.

Sasa upande wa hospitali. Kujifungua kawaida SHA inalipa 10,000, kujifungua kwa upasuaji 30,000. Private ya mtaani inaangalia kodi, gloves, stima, daktari, inaona haitoshi, tena hiyo pesa yenyewe haiji leo, na madeni ya NHIF bado wanadai. Ndio maana deposit. Dada yangu alipojifungua mwaka jana tulikaa kwa dirisha la malipo kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane, "system iko chini", mwishowe tukachangishana kwa WhatsApp ya familia.

Mimi ningekushauri uulize kabla ya admission SHA inalipa ngapi na wewe unaongeza ngapi, na wakuandikie. Ya mdomo usikubali.