Mkojo Usiosubiri: Majibu kwa Waliotuandikia

Nina miaka 38, watoto watatu, wote nimejifungua kwa njia ya kawaida. Nikipiga chafya, nikicheka sana au nikiinua ndoo, mkojo unachuruzika. Nimepunguza maji hadi glasi mbili kwa siku, wapi! Mazoezi ya kubana nimefanya wiki mbili, sioni kitu. – Mama wa watatu, Tanga

Rudisha maji kwanza. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala figo anahitaji kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na joto la Tanga linaweza kudai zaidi. Ukijinyima, mkojo unakolea na kuchokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, na kila ukijikamua chooni unazidi kuilegeza misuli ile ile unayotaka kuikaza.

Misuli yenyewe imetanda chini ya nyonga, kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu. Ndiyo inayokibeba kibofu na kusaidia kuufunga mrija wa mkojo. Mimba na uzazi huivuta. Chafya ikija, tumbo linakisukuma kibofu na mrija unashindwa kubana kwa wakati. Wiki mbili hazitoshi kuirudisha. Jipe miezi mitatu, kila siku, ndipo uhukumu.

Lala chali, magoti juu. Bana kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, uvute kuelekea ndani na juu. Shikilia ukihesabu hadi sita, legeza kabisa ukihesabu hadi sita. Rudia mara nane, kisha malizia kwa kubana na kuachia haraka haraka mara kumi. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku. Ukishazoea, fanya umekaa, halafu umesimama. Huna hakika kama unabana panapostahili? Osha mkono, ingiza kidole kimoja ukeni: kinatakiwa kubanwa na kuvutwa juu. Kikisukumwa nje, unajikamua, na hapo unajiharibia.

Wengi hukosea kwa kushika pumzi, au kukaza makalio na mapaja huku misuli yenyewe imelala. Wengine hulifanya zoezi kwa kukata mkojo katikati kila waendapo chooni. Acha, kibofu hakimaliziki vizuri. Faida ya haraka ni hii: bana *kabla* ya chafya, na kabla ya kuinua ndoo. Na kama unatumia kaptopril, enalapril au lisinopril kwa ajili ya presha, na una kikohozi kikavu kisichoisha, mwambie daktari. Huenda dawa ndiyo inayokukohoza, na ipo mbadala. Usiiache mwenyewe.

Mimi sivuji nikikohoa. Kwangu haja inanishika ghafla, nisipokimbia nimeharibikiwa. Nasafiri Mwanza–Dar kwa basi na konda haoni haja ya kusimama. Huwa naenda chooni kila nafasi ikipatikana ili nisije nikabanwa. – Mfanyabiashara, Mwanza

Hapa misuli ya nyonga si mshtakiwa wa kwanza. Kibofu kinajikunja kabla hakijajaa. Pima mkojo kuona kama kuna maambukizi, na pima sukari, maana kisukari kisichodhibitiwa huzalisha mkojo mwingi. Vipimo vikiwa safi, mafunzo yaanze.

Hiyo tabia ya kwenda chooni "nisije nikabanwa" ndiyo inayokifundisha kibofu kuridhika na kidogo. Kwa siku tatu andika saa uliyokojoa na kiasi, ukitumia kikombe chenye vipimo. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500. Ukikuta unatoa 100 kila mara, umepata jibu. Kama sasa unakwenda kila baada ya dakika 45, wiki hii jilazimishe saa moja, wiki ijayo saa moja na robo, hivyo hivyo hadi ufike saa tatu. Haja ikikushika kabla ya muda, usikimbie: kukimbia kunatikisa kibofu. Kaa au simama tuli, bana na kuachia haraka mara tano au sita, ngoja wimbi lipite, ndipo utembee.

Chai ya rangi, kahawa, soda ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu huchochea kibofu. Punguza kidogo kidogo. Ukikata kwa siku moja kichwa kitakuuma.

Siku ya safari usinywe chai asubuhi, kunywa maji kwa mafundo, na chukua kiti cha upande wa njia, karibu na mlango. Mwambie konda kabla hujapanda, si mkishafika porini, kwamba utahitaji kuchimba dawa. Beba kanga mbili za rangi nzito na kopo lenye mfuniko la kuwekea kilicholowa. Pedi iwe ya mkojo: ya hedhi imetengenezwa kwa kitu kinachotoka polepole, mkojo ukija kwa kasi unapita pembeni.

Baba yangu ana miaka 74. Anadondosha matone mchana kutwa, lakini akienda chooni anakaa muda mrefu mkojo hautoki. Tumemnunulia nepi za watu wazima. – Binti yake, Moshi

Nepi zinaficha tatizo. Dalili hizi zinaelekea kwenye kibofu kilichojaa kikafurika, na kwa umri wake mtuhumiwa mkuu ni tezi dume. Mpelekeni hospitali apimwe mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Ni ultrasaundi ya kawaida. Msimpe Piritoni wala dawa za mafua bila ushauri, baadhi hufunga mkojo kabisa. Akishindwa kukojoa huku tumbo la chini limevimba na linauma, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Anahitaji mpira wa mkojo.

Mdogo wangu alikaa na uchungu siku mbili, mtoto akafariki. Tangu hapo mkojo hautulii, usiku na mchana. – Dada, Kigoma

Poleni sana. Hiyo inafanana na fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi. Asisubiri; tundu dogo likigunduliwa mapema, huenda likajifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, na yaliyobaki hushonwa. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji huo bila malipo. Wasiliane nao kupitia hospitali ya wilaya kabla ya kusafiri.

Navuja kila wakati. Swala yangu inasihi? Na ngozi inawaka, nguo zinanuka. – Bibi, Unguja

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hubadili pedi, hutawadha baada ya wakati kuingia na kuswali bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo hakimvunjii, ila kila faradhi ina udhu wake. Hali yako mahususi mweleze sheikh wako.

Ngozi ioshe kwa maji matupu au sabuni laini, ikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Paka mafuta ya mgando, utandu mwembamba tu. Yakizidi yanaziba pedi isinyonye. Nguo zisuuze mara moja kwa maji baridi, kisha ziloweke nusu saa kwenye ndoo ya lita kumi yenye kikombe cha siki, ndipo ufue. Usimwagie Jiki nguo yenye mkojo uliolala, na siki usiichanganye na Jiki kamwe: hewa inayotoka inachoma kifua.