Maswali ya Wasomaji: Gemu za Bei ya Punguzo

SWALI: Asalaam aleikum, Ndugu Mhariri. Mwanangu amepewa kompyuta na mjomba wake, na sasa ananisihi nimnunulie kifurushi cha gemu nane ambazo muuzaji anasema thamani yake ni dola 200, lakini anaziuza kwa dola 12. Nikikataa, anataka tulipie huduma ya kila mwezi yenye mamia ya gemu. Je, huu ni unafuu wa kweli au ni chambo? — Mzazi, Bombo

JIBU: Waaleikumu salaam, mama. Hizo dola 200 zisikushughulishe, kwa maana ni jumla ya bei za awali ambazo wanunuzi wengi hawazilipi, kwa kuwa gemu zilezile hushushwa bei katika Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, kila msimu wa punguzo. Kabla hajaitazama tena orodha, mwambie kijana ataje gemu anazozitaka kwa dhati. Akitaja mbili kati ya zile nane, basi kila moja itakugharimu dola sita, nawe ulinganishe na bei ya chini kabisa zilizowahi kuuzwa, ambayo tovuti ya IsThereAnyDeal huionyesha bure. Zile sita nyingine, aghalabu, hazitafunguliwa hata siku moja.

Gharama inayosahaulika ni bando. Gemu kubwa za siku hizi hupita gigabaiti 50, na zipo zinazopita 100, ilhali hapa Uganda data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa hiyo anayetegemea bando la simu anaweza kulipa zaidi kwa kupakua kuliko alivyolipa dukani. Gemu ndogo ni jambo jingine: Stardew Valley haifiki gigabaiti moja, na humchukua mchezaji miezi.

Huduma ya kila mwezi ndiyo ningeikataa, isipokuwa kama nyumbani mna intaneti isiyo na kikomo. Kifurushi cha Humble Bundle, kampuni iliyoanza mwaka 2010 na ambayo hutoa sehemu ya fedha kwa mashirika ya hisani, humpa mnunuzi namba za kuingiza Steam, na gemu hubaki katika akaunti yake. Game Pass ya Microsoft, ambayo ni huduma ya kila mwezi, ni kama kupanga chumba: ukiacha kulipa, unatoka, na hata ukiendelea kulipa, baadhi ya gemu huondolewa humo mara kwa mara. Mtoto wa shule anayecheza wikendi tu hawezi kuufaidi mpango wa namna hiyo. Mkiamua kujiunga hata hivyo, hakikisheni kwanza kwamba Uganda imo katika nchi zinazohudumiwa.

Kwa sasa afungue akaunti ya Epic Games Store, duka jingine la gemu mtandaoni, ambalo limekuwa ikigawa gemu za bure tangu Desemba 2018.

SWALI: Nimeona namba za Steam zikiuzwa na watu binafsi kwa bei ya chini mno. Ninunue? — Msomaji, Jinja

JIBU: Usinunue, ndugu. Steam hurudisha fedha ndani ya siku 14 iwapo hujacheza kwa saa mbili, lakini sharti hilo halihusu namba iliyonunuliwa nje ya duka lao, na namba iliyopatikana kwa kadi ya wizi inaweza kufutwa baada ya wewe kulipa.