Masta ya Asia ya Kusini-Mashariki: nawajibu kutoka Lubumbashi

Jambo yenu bote. Tangu batu bajue kama nilisoma masta ya etidi za Asia ya Kusini-Mashariki kule Bangkok, simu yangu haipumzike, maswali inaingia asubui, inaingia saa tano ya usiku. Na mimi napenda kujibu, juu wakati nilikuwa natafuta njia hakukuwa mutu hata mumoja hapa Lubumbashi wa kuuliza. Leo nachukua yale inarudia mara mingi.

Papa yangu anasema ni kutupa falanga. Hiyo Asia ya Kusini-Mashariki ni nini, na itanisaidia nini mimi mutoto wa Katuba?

Umusalimie papa. Ni inchi 11: Indonesia, Malesia, Singapuri, Tailandi, Vietnamu, Kambodia, Laosi, Myanmar, Ufilipino, Brunei na Timori ya Mashariki. Mu masta haushike somo moja tu, unachanganya istoria, politiki, ekonomi, dini, luga, na ku mwisho unaandika memwari juu ya swali moja ya kule.

Sasa faida. Papa aende ku soko, aangalie bidoni ya mafuta ya kupikia, asome ile maandishi ya kidogo ya chini, mara mingi atakuta Malesia ama Indonesia. Na muti wa ngazi, ule wenye kutoa mawese, ni wetu, ni wa Afrika! Mu 1848 Baholanzi balipanda miche ine tu mu bustani ya Bogor, ku kisiwa cha Java, kisha mashamba ikajaa Sumatra na Malaya, na leo Indonesia na Malesia njo zinatoa zaidi ya 80% ya mafuta yote ya ngazi ya dunia. Sisi benye mawese tunanunua yao. Ile kitu iliniuma, njo ilinipeleka shule.

Kuna na ya pili, ya kwetu kabisa Katanga. Indonesia iko ya kwanza ku dunia kwa nikeli vile Congo iko ya kwanza kwa kobalti. Januari 2020 Indonesia ilikataza kutosha nikeli mubichi, ukiitaka ukuje kujenga usine kule kule, na usine zikajengwa kweli, nyingi za Bachina, kama pale Morowali ku Sulawesi, na pamoja na usine zikakuja moshi, maji ya kuchafuka, ugomvi wa mashamba na wa mishahara. Sisi nasi mu Februari 2025 serikali ilisimamisha kutosha kobalti. Mutoto mwenye amekula vumbi ya makamiyo ya kwenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, tangu kuzaliwa, anaweza kuuliza batu ba Morowali maswali yenye mwanafunzi wa Paris hatawaza. Ile haiko falanga ya kutupa.

Formilere inaniomba "bachelor". Mimi niko na gradua na lisansi ya UNILU (universite ya Lubumbashi), sistemu ya zamani. Naweka nini?

Weka zote mbili, gradua na lisansi. Batu ba inje bakisoma "licence" banawaza ni miaka 3 kama ya Bafaransa, kumbe yako ni 3 ya gradua na 2 ya lisansi, jumla 5 kisha diploma ya Leta, ile ya kumaliza segondere. Usingojee bakisie. Andika karatasi moja ya kueleza, uishike pamoja na releve za kote, ni kusema karatasi za alama, za kila mwaka. (Benye kusoma mu sistemu mupya ya LMD, lisansi-masta-doktora, beko na lisansi ya miaka 3, kwao ni rahisi.)

Na ueleze kote! Kwetu 70% ni distinksio, na mutu mwenye alipata 68% na satisfaksio ni mwanafunzi wa kutumika sana, lakini kule inje kuna mwenye ataona 68 na ataiweka pembeni. Mistari mitatu inatosha: 50 mpaka 69 ni satisfaksio, 70 mpaka 79 distinksio, 80 mpaka 89 grande distinksio. Kama sekretaria ya fakilte inaweza kukupatia na nafasi yako mu promosio, mutu wa ngapi kati ya bangapi, ni muzuri zaidi.

Anza mapema. Kwenye nilisomea mimi nilirudi ku buro mara saba juu ya releve moja, mara shefu hayuko, mara kashe hayuko, na karibu ni chelewe kabisa.

Kifaransa yangu ni muzuri, Kingereza ni ya kushikashika. Niombe shule gani?

Kwa Kifaransa kuna INALCO ya Paris, shule ya tangu 1795, banafundisha luga za kule karibu zote, Kiindonesia, Kitai, Kivietnamu, Kikhmer, Kilao, Kiburma, na hata Kiswahili yetu banaifundisha pale. Lakini ku masta banataka ukuje na luga tayari, kwa mwenye anaanza zero ni lazima kupitia kwanza mu diploma ya luga.

Zingine ni Kingereza. Chulalongkorn ya Bangkok, Universiti Malaya ya Kuala Lumpur, NUS ya Singapuri, SOAS ya London, Leiden kule Uholanzi, Cornell ya Marekani yenye programu yake ilianza 1950. Usizichanganye, hazifanane. SOAS ni mwaka moja wa mbio. NUS ni masta ya resherche, ukifika pale bila projet ya memwari ya kusimama vizuri haukae. Leiden iko na makaratasi na mabuku ya Indonesia mingi sana juu Baholanzi ndiyo balitawala kule, mutu wa istoria atashiba.

Shauri yangu: jipatie mwaka moja ya Kingereza mbele ya yote, juu hata ukisoma Paris mabuku mingi ya hii somo iko mu Kingereza. Test ya Kingereza, kila shule inasema gani inapokea, IELTS, TOEFL, ingine inapokea na Duolingo ya kufanyia ku nyumba. Ukifanyia ku nyumba, tafuta batri na koneksio mbili. Mimi courant ilikatika katikati ya test, mbele ya kamera, na nililipa tena.

Yaya, nakutumia barua yangu ya motivasio. Inaanza: "Tangu utoto wangu niko na passion kubwa ya Asia na tamaduni zake za kuvutia." Iko muzuri?

Hapana mudogo wangu, na nakuambia kwa upendo. Ile mustari profesa amesha kuusoma mara mia. Passion haijulikane, ni swali njo inajulikana.

Uliniandikia pembeni kama ulisoma istoria na babu yako alikuwa anaelezea baaskari ba ONU (Umoja wa Mataifa) ba miaka ya 1960, "bale bafupi ba Asia". Mudogo, barua yako iko pale! Indonesia na Malaya kweli zilituma baaskari mu Congo kwanzia 1960. Miaka tano mbele, Aprili 1955, Indonesia ilipokea mukutano ya Bandung, inchi 29 za Asia na Afrika, na sisi hatukuwa pale juu tulikuwa bado mu mikono ya Babelgiji. Basi anza hivi: "Babu yangu alikumbuka baaskari ba Indonesia mu Katanga. Nataka kujua nyumbani kwao habari ya Congo ilielezwa namna gani." Mistari miwili, na profesa ataweka kikombe chini.

Kisha useme utatumia nini kutafuta jibu (magazeti ya wakati ule, kumbukumbu za bazee), ni profesa gani wa pale anatumika juu ya kitu cha kufanana, na ni luga gani utajifunza. Usome kweli artikle moja ya ule profesa, usitaje tu jina. Yako ilikuwa na kurasa tatu, kata ibakie moja na nusu, na zile mistari za kusifu inchi yao utoshe zote.

Na barua za rekomandasio: usiombe mutu mukubwa mwenye hakujue. Asistanti mwenye alisoma travo yako mara tatu anakusaidia kupita doyeni mwenye atatia sinyatiri tu.

Ni lazima kusoma luga ya kule? Niko Ruashi, nitaianzia wapi?

Ni lazima. Nilikutana na banafunzi bazuri bakasoma miaka miwili bila luga, memwari yao ikabakia mu biblioteke, hakuna hata mama moja wa soko mwenye alisema ndani.

Kama hauna sababu ya kuchagua ingine, anza na Kiindonesia, na Kimalesia ni ndugu yake wa karibu. Inaandikwa na herufi zetu, haina toni, verbu haibadilike na wakati. Na mutu wa Kiswahili anafika pale na mali tayari mufukoni: dunia ni dunia, bendera ni bendera, meza ni meja, sabuni ni sabun, wakati ni waktu, kitabu ni kitab. Kusalimia banasema "Apa kabar?", na ile kabar ni habari yetu, tulichota bote mu Kiarabu, na bendera na meza mu Kireno. Simu yako inatosha kwa kuanza, dakika 30 kila siku, na mu miezi sita utasoma vichwa vya magazeti.

Kitai ni mulima ingine. Konsona 44, toni 5. "Mai" ya sauti ya chini ni "mupya", ya kupandisha ni hariri, ya juu ni mbao, na mimi nililia mu kalasi ya mwezi wa pili. Mwenye alinisaidia ni mama yangu bila kujua, juu ku nyumba anasema Kiluba, na Kiluba ni luga ya sauti kupanda na kushuka, masikio yangu ilisha kuzoea tangu utoto, nilikuwa tu sijaisikiliza.

Burse je? Kuna ajansi inaniomba dola 300 juu ya kunipatia burse na viza.

Usilipe! Burse ya kweli haiuzwe. Indonesia iko na KNB, ya masta kwa inchi kama yetu, na inakupatia kwanza mwaka wa kusoma Kiindonesia, iko na Darmasiswa pia, tangu 1974, ile haitoe diploma lakini unaishi kule na kusoma luga ama sanaa. Chulalongkorn iko na burse kwa banafunzi ba inje ya ASEAN, umoja wa inchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Uingereza ni Chevening, Bakongomani banaruhusiwa, inaomba miaka 2 ya kazi na kisha masomo unarudi inchini miaka 2. Zote unaomba mwenyewe ku intaneti, na zingine zinapitia ubalozi, basi uangalie mapema ni ubalozi gani inashugulikia Congo, inaweza kuwa inchi ingine. Na kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, isibakie ku nyumba, Tailandi banaiomba batu ba kutoka Congo.

Niko mama wa miaka 41, batoto batatu, mwalimu wa jiografia. Nimechelewa?

Hapana mama. Mu kalasi yangu hakukuwa wa umri moja. Miaka yako ya kufundisha uiweke ku mwanzo ya dosie. Kitu cha kupanga ni nani atabakia na batoto, na kwa hiyo masta ya mwaka moja itakufaa zaidi kuliko ya miwili.

Banakuangalia namna gani kule, mutu mweusi?

Banakuangalia, ni kweli, mu basi, mu soko, batoto banagusa nywele, na kutafuta nyumba kuna siku banakataa bila kusema sababu. Siku zile nilikuwa naita mama. Lakini luga inafungua.

Memwari yangu ilikuwa juu ya bakulima badogo ba ngazi kule Krabi, kusini ya Tailandi. Siku ya kwanza mzee moja alinionyesha namna anakata kichala na mundu ya muti murefu, na mimi nikamuambia mu Kitai yangu ya kukwamakwama kama ule muti ni wa kwetu. Akasimama. Akauliza: sasa nyinyi munaikula namna gani? Nikamueleza mama anachemsha ngazi, anatwanga mu kinu, anakamua, mafuta inatoka nyekundu, tunaweka mu sombe na mu maharagi. Ule mzee alikuwa na ngazi miaka 20, kila juma anauzisha bichala ku usine, na mafuta anainunua ku duka mu shupa, nyeupe kama maji, ile nyekundu hakuisha kuiona. Akaita bibi yake akuje kusikia. Kesho yake nilikuta balisha kutafuta sufuria na kinu, bananingojea niwaonyeshe.