Shemeji Anamtaka Mbwa Wangu kwa Jike Wake, Nami Nina Deni Lake

*Shikamoo Shangazi. Ninaishi Buruburu na mke wangu pamoja na watoto wetu wawili. Tuna mbwa dume aina ya German Shepherd, jina lake Simba, mwenye umri wa miaka 3. Ni mtulivu na hulinda nyumba vizuri, ila asubuhi za baridi huchelewa kuinuka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana jike wa aina hiyohiyo huko Ruai ambaye anakaribia kuingia kwenye joto, na anataka Simba ampande. Ameahidi nitachagua mtoto mmoja au anipe pesa. Mke wangu hataki kabisa. Mimi naona vigumu kukataa, kwa kuwa shemeji ndiye aliyenikopesha karo mwaka jana na sijamaliza kumlipa. Nifanyeje?*
*Baba wa Wawili, Buruburu*

Marahaba, mwanangu. Deni umelieleza kwa kirefu na asubuhi za baridi umezitaja kwa maneno machache tu, lakini hayo machache ndiyo niliyorudia kuyasoma, kwa sababu ndiyo yatakayoamua jambo hili. Jibu langu ni kwamba usikubali kwa sasa, na huenda usikubali kamwe.

Mbwa wa miaka 3 bado ni kijana, na kijana hapaswi kuinuka kwa taabu kwa sababu tu Julai imefika na Nairobi imepoa. Inawezekana aliteguka, inawezekana amenenepa, lakini kwa mbwa wa aina ya Simba jambo ambalo daktari wa mifugo hulifikiria mapema ni kasoro ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe chake, kiungo kikalegea, mifupa ikasuguana, na mwishowe mnyama akapata baridi yabisi ya kudumu. Kumlisha mtoto wa mbwa kupita kiasi anapokua huchangia, lakini mzizi wa kasoro hii ni urithi. Haionekani kwa kumtazama mbwa akiwa amesimama langoni. Huonekana kwa picha ya eksirei, ambayo kwa kawaida hupigwa mbwa akiwa amepewa dawa ya kumtuliza ili miguu ya nyuma inyooshwe vizuri. Huko Marekani, taasisi inayokagua picha hizi haitoi alama ya mwisho kabla mbwa hajatimiza miezi 24, kwa hiyo umri wa Simba unafaa kabisa. Unaweza kuanzia kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete, au kwa daktari yeyote mwenye usajili halali ambaye ana mashine hiyo au anaweza kukuelekeza ilipo.

Picha ikionyesha kasoro, Simba asizae, hata kama jike ni mzima na hata kama shemeji ataongeza pesa. Watoto hao wangeuzwa kwa watu waliojinyima ili wapate mlinzi, na baada ya mwaka mmoja au miwili mlinzi huyo ashindwe kupanda ngazi. Tena kuna maumivu ya Simba mwenyewe, ambayo sijaona mtu akiyafikiria katika mapatano yenu: dume hujiinua kwa miguu ya nyuma, kisha mbwa hao wawili hunatana kwa muda ambao mara nyingi ni kati ya dakika 10 na 30, na hawapaswi kutenganishwa kwa nguvu. Mbwa mwenye nyonga mbovu hatakwambia kwamba anaumia. Atavumilia, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

Picha ikiwa safi, basi uliza kuhusu jike. Je, hufungiwa, au huzurura na mbwa wa mtaani? Kuna uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana, seli za uvimbe wenyewe zikihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na huonekana sana mahali penye mbwa wengi wanaorandaranda. Dalili yake mara nyingi ni matone ya damu, na kwa jike, mwenye mbwa huweza kudhani ni joto la kawaida. Huo hutibika kwa sindano za kila wiki. Kinachonitia hofu zaidi ni bakteria wa brusela, ambaye huharibu mimba za jike na kuvimbisha korodani za dume, ni vigumu kumtokomeza katika mwili wa mbwa, na anaweza kumwambukiza binadamu, hasa anayeshika mimba iliyoharibika au majimaji ya uzazi. Una watoto wawili wanaomkumbatia Simba kila siku. Jike na Simba wote wapimwe damu, na uone majibu kwa macho yako kabla hawajakutanishwa.

Sasa watoto wa mbwa. Mimba huchukua takriban siku 63, na German Shepherd anaweza kuzaa watoto wanane hivi. Wewe utachukua mmoja, na hapo wenye madume wengi huona kazi yao imekwisha. Mimi siamini hivyo. Wote wanane ni damu ya Simba, na bila ruhusa yako hawangekuwapo. Wanapaswa kukaa na mama yao hadi wiki ya 8, wapewe dawa ya minyoo, wachanjwe dhidi ya pavo, ambayo huua watoto wa mbwa kwa siku chache, na wakifikisha miezi 3 wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Wanunuzi wengi wa hapa kwetu hutaka dume. Majike hubaki, na anayebaki bila mnunuzi huishia kwenye mnyororo mfupi au kutupwa kando ya barabara, bila chanjo, katika nchi iliyojiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Mwulize shemeji ni watu gani wameshaomba watoto hao, na nani atalipia chanjo. Asipokuwa na jibu, hata picha safi haitoshi.

Kuhusu deni, ulikopa pesa, basi lipa pesa. Shemeji hakukwambia kwamba Simba ni riba; wewe ndiye uliyeviunganisha vitu hivi viwili moyoni mwako, na ukimruhusu kwa ajili ya deni, bado deni utakuwa nalo. Panga kiasi unachokiweza, hata kiwe kidogo, umtumie kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, na uanze kabla ya kwenda kuzungumza naye.

Na mkeo? Hukunieleza sababu ya yeye kukataa, nami nahofia hukumwuliza. Kama ndiye anayemlisha na kumsafishia Simba unapokuwa kazini, amejua mengi kuliko wewe kuhusu Simba anavyoinuka asubuhi, na mbwa wa pili katika ua wa Buruburu ni mzigo wake kwanza. Mwulize leo, kisha mwende pamoja kwa daktari. Lakini kwa shemeji useme wewe, maana akisema yeye, ataonekana ndiye aliyemnyima kaka yake.

Shemeji akidai kwamba dume asiyepanda hukosa utulivu, mjibu kwa upole kwamba si kweli. Anayeonjeshwa ndiye huweza kuanza kutafuta njia ya kutoka. Kama Simba hatazaa, zungumza na daktari kuhusu kumhasi, kwani hilo hupunguza uzururaji na matatizo ya tezi dume uzeeni. Wala shemeji hatapoteza chochote akingoja: jike hurudi kwenye joto baada ya takriban miezi 6, muda unaotosha kupata picha, vipimo vya damu na majina ya watakaowachukua watoto hao.