Mimi ni mwembamba, presha imetoka wapi?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 38, naendesha bajaji hapa Dar, nina kilo 67 na urefu sentimita 170, sijawahi kuwa mnene hata siku moja. Mwezi huu nimepima presha siku tatu tofauti ikaja 156/98, 150/96 na 154/98. Mke wangu ana kilo 92 na kila akipima ni 118/76, sasa nimechanganyikiwa. Zamani nilikuwa nabeba magunia sokoni, tangu nimeingia kwenye bajaji uzito ni uleule ila suruali nimetoka saizi 31 sasa navaa 36. Kuna jamaa kijiweni anauza unga wa mitishamba wa kukata kitambi, elfu sitini, anasema unasafisha mafuta yote na presha inaisha kabisa. Niutumie au nianze dawa za hospitali?

JIBU: Usiutumie ndugu yangu. Na presha unayo, vipimo vya siku tatu vyote vimepita 140/90, hapo hatuwezi tena kusingizia mashine wala uchovu.

Jibu la presha imetoka wapi umeliandika mwenyewe kwenye habari ya suruali ila hukuliona. Kutoka 31 mpaka 36 ni inchi tano, karibu sentimita 13 za kiuno, halafu mzani haujasogea. Tumbo likiongezeka hivyo na kilo zikabaki palepale ujue kuna kitu kingine kimepungua, na kilichopungua ni misuli, ile ya mapaja na mgongo na mabega uliyoipata kwenye magunia. Misuli imetoka mafuta yameingia na mzani hauna namna ya kukwambia. Ukichukua kilo zako ukagawanya kwa urefu wa mita mara urefu tena unapata 23, kwenye chati ya kliniki hiyo ni uzito wa kawaida kabisa, utaambiwa hongera urudi nyumbani. Hesabu hiyo aliitoa Quetelet, mtu wa takwimu wa Ubelgiji, miaka ya 1830, na alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi, hakuwa anampima mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yake.

Kinachoniumiza ni hii tabia ya kupima presha kwa macho. Mtu akiwa na mwili tunamwambia kapime, akiwa mwembamba tunamsifia, basi huyo mwembamba anakaa miaka bila kufungwa kile kitambaa mkononi mpaka siku anadondoka bafuni mdomo umeenda upande, na ndugu wanaanza kutafuta nani kamroga maana "hata mwili hakuwa nao". Kesi za hivi nazipokea kila mara na wengi wangeokolewa na kipimo cha dakika tano.

Mafuta hayafanani. Yale ya chini ya ngozi, ya makalio na mapaja, kwa sehemu kubwa yametulia. Ya hatari ni yanayojaa ndani ya tumbo, yanazunguka utumbo, ini na figo, na hayo hayakai bure hata kidogo. Yanatoa kemikali zinazochochea homoni za kubana mishipa na za kuilazimisha figo ishike chumvi, yanaikandamiza figo yenyewe, yanafanya insulini, ile homoni ya kushusha sukari, isifanye kazi vizuri kwahiyo mwili unaimwaga nyingi zaidi na hiyo nayo inazuia chumvi kutoka, juu ya hapo neva zinazopandisha mapigo zinakuwa macho muda wote. Chumvi ikibaki na maji yanabaki, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa iliyobanwa. Hiyo ndiyo 156 yako.

Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usiingize tumbo ndani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwako ni sentimita 85, na kwa hiyo suruali naona uko kama 91. Mkeo inawezekana kabisa mafuta yake mengi yako chini kwenye nyonga, ila kilo 92 siyo kinga, aendelee kupima, na kama mkono wake ni mnene adai kitambaa kikubwa maana kidogo kinasoma presha ya juu isiyo yake.

Tumbo siyo sababu pekee lakini. Kuna urithi, chumvi, pombe, figo mbovu, na nyie madereva kuna diclofenac za maumivu ya mgongo mnazomeza kila siku kama pipi, hizo nazo zinapandisha. Ndiyo maana nataka upime mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi), potasiamu (madini ya damu yanayosaidia moyo kupiga sawasawa) na sukari kabla hatujabebesha kitambi lawama zote.

Sasa hao wa unga. Nyingi ya hizo dawa za kukata tumbo ni za kuharisha tu, unashinda chooni, mzani unashuka kilo mbili tatu za maji, unafurahi, mafuta yako palepale na potasiamu imekwisha, na ukiwa unatumia vidonge vya presha vya kukojoza, moyo unaweza kukosea mapigo. Nyingine zinachanganywa kimyakimya na sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na inapandisha presha yenyewe! Na dada zetu wanaotafuta mwili wanauziwa deksamethasoni za kunenepa, uso unajaa, tumbo linajaa, presha inapanda. Yaani anayeuza wembamba na anayeuza unene wote wananiletea mimi mgonjwa yuleyule. Mtu akikwambia presha inaisha kabisa kwa wiki mbili muulize ataipima na nini, wengi hata mashine hawana.

Kwako wewe sitafuti kilo, natafuta kiuno kipungue na misuli irudi. Tembea kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki, beba vitu vizito tena mara mbili kwa wiki, presha ikishatulia kwanza, soda iache, chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai pamoja na iliyoko kwenye chipsi na mchuzi. Na dawa utakazoandikiwa meza kila siku, kichwa kiume kisiume. Zikipunguzwa baadaye zitapunguzwa na daktari akiwa na vipimo mkononi, siyo kijiwe.

Kama huo unga ushaanza kuuonja acha leo, ila usiutupe, nenda nao hospitali na karatasi yake waone umekunywa nini.